Alipima Shamba, Hakupima Kaburi

Barua ya manispaa ilifika Jumanne. Mimi nina ugomvi wa zamani na barua za manispaa, kwa hiyo niliisoma nimesimama mlangoni, sijavua hata buti za bustanini. Juu ya bahasha palikuwa na jina la binti yangu, Tannetje Kousemaker, ingawa Tanne alihama nyumba hii miaka mitano iliyopita na sasa anaishi mjini Goes, anakofundisha watoto kuogelea. Kufungua barua ya mtu ni makosa. Nikaifungua.

"Mpendwa mwenye haki ya kaburi," ndivyo ilivyoanza. Hapa kwetu Zeeland kaburi lina mwenye haki kama shamba lilivyo na mwenye hati, na haki ya kaburi la mke wangu nilimwandikisha Tanne mimi mwenyewe, siku alipotimiza miaka kumi na minane. Nilijiona baba mwenye utaratibu. Barua ikaendelea kusema kwamba katika sehemu ya chini ya makaburi ya kijiji chetu cha Kwadewal, makaburi matatu ambayo muda wa haki yake ulikwisha yalifunguliwa, na "mabaki hayakuwa katika hali iliyotarajiwa". Kwa hiyo makaburi yote ya sehemu hiyo, mia moja na kumi na mawili, yangefunguliwa kuanzia Novemba, wafu wahamishiwe juu karibu na kanisa, palipoondolewa makaburi ya zamani, na udongo ubadilishwe.

Hali iliyotarajiwa. Ukiuliza nani aliyetarajia, ni mimi hapa, Leendert Kousemaker, na matarajio yangu yalikuwa na kurasa arobaini na sita na michoro ya rangi.

Kabla sijastaafu, kazi yangu ilikuwa maji ya udongoni. Si maji ya mito wala ya visima, hayo yana watu wake. Mimi nilishughulika na kile kipande cha ardhi kilicho kati ya nyasi na maji ya chini, ambacho si kikavu wala si maji, vijitundu vyake vina maji kiasi na hewa kiasi. Watu wakichomeka bomba ardhini wakaona maji yamesimama mita mbili chini, wanadhani juu yake pote ni pakavu. Chukua sifongo, iloweshe, ishike juu ya sinki mpaka iache kudondosha. Sasa ikamue, uone bado ilikuwa na maji kiasi gani. Udongo wetu wa mfinyanzi ndiyo sifongo hiyo, na hesabu zangu zilikuwa za kujua mvua ikinyesha maji yanashuka kwa kasi gani, yanang'ang'ania wapi, na yanaacha hewa kiasi gani.

Hewa ndiyo yenye maana makaburini. Aliyezikwa penye hewa huondoka kama inavyotakiwa, ikabaki mifupa. Aliyezikwa penye maji matupu haondoki. Mafuta ya mwili hugeuka kitu kama nta, na mtu akabaki pale pale, miaka ishirini, thelathini, hamsini.

Makaburi ya juu yalipojaa, manispaa ilinunua shamba la vitunguu lililo chini yake, ikaniita nipige hesabu kama panafaa kuzikia. Nilichukua sampuli zangu, nikalikata lile shamba ndani ya kompyuta vipande vya sentimita tano tano kwenda chini, kila kipande nikakipa namba zake za jinsi kinavyoshika maji na jinsi kinavyoyaachia, kisha nikalinyeshea mvua ya miaka thelathini. Hata mwezi wa Februari, ambao kwetu hauna huruma, pale jeneza litakapokaa palibaki na hewa ya kutosha. Nikaandika: panafaa.

Nikaenda ukumbini kuwaonyesha wanakijiji michoro. Nyuma kabisa alikaa Izaak Meulmeester, mchimba kaburi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Akanyoosha mkono.

"Picha nzuri," akasema. "Kaburi liko wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi. "Litakuwa hapa, Bwana Izaak. Hapa kwenye rangi ya kijani."

"Mmh," akasema, akakunja mikono kifuani.

Miaka miwili baadaye Jacomina wangu alianguka jikoni, mshipa wa kichwani umepasuka, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Tanne alikuwa na miaka miwili na miezi minne, amekaa kwenye kiti chake kirefu, anakula mkate. Wakati huo hakuna aliyekuwa amekubali kuzikwa kule chini. Wenye wafu walibanana juu au wakawapeleka vijiji jirani, wakisema hawamlazi mtu penye vitunguu. Mimi nikasema mke wangu atazikwa pale, mwisho wa safu ya pili, karibu na mtaro. Niseme ukweli wangu: nilimzika kwa ubishi. Nilitaka waone kwamba mwenye hesabu anaziamini hesabu zake. Na kweli baada ya hapo wakafuata, mmoja mmoja, mpaka safu zikajaa.

Basi ile barua niliisukuma chini ya kopo la biskuti. Jumamosi Tanne alikuja, kama ajavyo kila Jumamosi, na mfuko wa bolus, ile mikate yetu ya mdalasini inayonata mpaka kwenye viwiko. Akamimina kahawa, akakaa.

"Baba, barua yangu iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ile uliyoifungua. Wamenitumia na nakala kwenye simu. Usinifanye mtoto."

Nikaitoa. Hakuisoma, alishaisoma. Akaweka kidole kwenye yale maneno. "Hali isiyotarajiwa maana yake nini?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, sikupamba wala sikuficha. Nilitegemea atalia, nikawa nimeshajiandaa kwa kitambaa mfukoni. Hakulia. Alilamba sukari kidoleni.

"Kwa hiyo mama bado yupo," akasema.

"Hayupo, mwanangu. Alikufa."

"Najua alikufa, nilikuwepo. Nauliza kama yupo."

"Inawezekana," nikasema. "Kama kaburi lake nalo lilijaa maji."

"Basi nitamwona."

Nikamwambia hajui anachokisema. Nikamwambia nimeziona picha za watu wa namna hiyo kazini, na ni kitu chenye umbo la mtu, rangi yake ya majivu, hakina sura ya kumtambulisha mtu. Nikamwambia mama yake alikuwa mzuri, abaki mzuri.

"Kwako alikuwa mzuri," akasema. "Mimi sijui alikuwaje. Mtoto wa marehemu Cornelis, mmoja wa wale watatu waliofunguliwa, alimtambua baba yake kwa masikio. Nimempigia simu, ameniambia mwenyewe."

"Masikio si uso, Tanne."

"Mimi hata masikio sina."

"Una picha. Nimekupa albamu nzima."

"Nina picha kumi na tisa, na nimeziangalia mpaka zimechakaa. Kwenye zote kumi na tisa anamwangalia aliyeshika kamera. Anakuangalia wewe, Baba. Hata moja haniangalii mimi."

Nilikula bolus yangu, na sikumbuki kama ilikuwa na ladha.

Jumatatu nilimpigia Bi Annerieke, anayesimamia makaburi pale manispaa, mwanamke mpole mwenye sauti ya kumbembeleza mgonjwa. Nikamwomba aandike kanuni, hata kesho, kwamba jamaa hawaruhusiwi kuona. Akasema kanuni ipo tayari: jamaa wanakaa getini wakati wa kuchimba. Lakini baada ya hapo, mwenye haki akitaka kuingia nyuma ya turubai, hawezi kumzuia.

"Mimi ndiye mume," nikasema.

"Mwenye haki ni binti yako, Bwana Kousemaker. Ulimwandikisha wewe mwenyewe, sahihi yako ninaiona hapa."

Nikakata simu bila kuaga, jambo ambalo si tabia yangu. Pengine ni tabia yangu.

Nikachukua baiskeli, nikaenda kwa Izaak. Siku hizi ana miaka themanini na mitatu na goti la chuma, na manispaa ilimwita kuwaonyesha makaburi yanapoanzia, kwa sababu ramani yao haifai hata kufungia samaki. Alikuwa anasafisha kome wa baharini jikoni, hakuinuka.

"Bwana Hesabu," akasema. Ndivyo anavyoniita tangu siku ile ya ukumbini. "Vuta kiti."

"Hao watatu uliwaona?"

"Niliwaona. Nilimwambia Pier habari za asubuhi kabla sijakumbuka kuwa amekufa."

"Nilikosea wapi, Izaak? Nimezipitia hesabu zote upya. Namba za udongo ni sahihi. Mvua ni sahihi. Sioni kosa."

Akaweka kisu chini. "Ulipima shamba. Hukupima kaburi."

"Sikuelewi."

"Utaelewa, una shule. Ule udongo ulioupima wewe ulikuwa umelala pale miaka mia mbili. Una njia za minyoo, una mizizi, una nyufa za kila kiangazi. Maji yanapita. Halafu ninakuja mimi na beleshi mwezi wa Novemba. Ninauchimba umelowa, ninaukanyaga, ninaurudisha. Unafikiri unarudi kama ulivyotoka? Unarudi kama unga uliokandwa. Na kuta za shimo, beleshi linazipaka kama mwashi anavyopaka lipu. Nimetengeneza beseni, bwana. Mvua inaingia, haina pa kutokea."

Nilikaa na buti zangu kwenye sakafu yake safi. Kurasa arobaini na sita kuhusu mahali pa kuzikia watu, na ndani yake hamna shimo hata moja. Wenzangu watatu walioipitia ripoti nao hawakuliona. Sisi watu wa hesabu tunapenda ardhi ikiwa imetulia, na kaburi ni ardhi iliyosumbuliwa.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Nilisema. Nilikuuliza kaburi liko wapi, ukacheka."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limevunjika miaka ishirini na mitano bila mimi kujua kuwa ninachechemea. Nikamshukuru, nikaondoka. Akaniambia nichukue kome kidogo, nikakataa.

Nyumbani niliwasha kompyuta. Hesabu zile zile, ila safari hii nikaweka kaburi ndani yake: upana wa sentimita themanini, urefu wa mita mbili, kuta zilizopakwa, udongo uliokandwa. Nikalinyeshea. Nilikuwa natazama rangi ya bluu inavyopanda kutoka chini ya shimo, wiki baada ya wiki, mpaka ikalifunika jeneza, ikabaki pale. Februari limejaa. Julai limejaa. Kiangazi cha ukame mkubwa, majani yote yamekauka juu, chini limejaa.

Nikaanza kubembeleza namba. Kaburi la Jacomina lilikuwa mwisho wa safu, mita mbili tu kutoka mtaroni, labda maji yalipata upenyo. Nikasogeza mtaro. Nikalegeza kuta. Siku kumi na moja nilikaa kwenye kile kiti, nikila mkate na jibini juu ya kibodi, nikitafuta namba ambazo zingeniachia mke wangu akiwa mkavu. Nilitaka aondoke. Fikiria mwanamume anayemwombea mke wake awe ameoza, tena anaomba kwa moyo wote, na anampenda. Mara moja tu hesabu ilinipa kaburi kavu, na ilikuwa ni kwa sababu nilimpa udongo unaopitisha maji kama mchanga. Kwadewal hakuna udongo wa namna hiyo, na kujidanganya na yenyewe ni kazi inayochosha. Nikazima.

Nikampigia Tanne. Nilitaka kumwambia nimekosea, kwamba niliweka watu mia moja na kumi na wawili kwenye mabeseni, na mama yake akiwa wa kwanza. Nilimwambia.

"Kwa hiyo ni hakika?" akauliza.

"Karibu na hakika."

"Sawa," akasema, na sauti yake, Mungu anisamehe, ilikuwa na furaha. "Nimeshaandaa la kumwambia."

"La kumwambia nini?"

"Si lako hilo, Baba."

Nikaelewa kuwa sina tena kamba ya kuvuta. Manispaa inachimba, sheria iko upande wa Tanne, udongo ulishafanya kazi yake miaka mingi nyuma, na mimi niliyeyasababisha yote sikuwa na hata kitufe kimoja cha kubonyeza. Nilipika supu, nikaisahau jikoni ikaungua.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, ukungu umelala shambani na nyasi zimelowa. Walikuwa wameweka turubai nyeupe kuzunguka mwisho wa safu ya pili, na katapila dogo lilikuwa linanguruma nyuma yake. Bi Annerieke alivaa fulana ya rangi ya chungwa juu ya koti, akatusalimia kwa mikono miwili. Tulikuwa watatu getini: Tanne, mimi, na Izaak, aliyekuja kwa baiskeli na goti lake la chuma. Hakuna aliyemwalika.

"Nimekuja kwa heshima ya marehemu," akasema. Nikamwambia karibu.

Tanne alisimama mbele yetu kama hatua kumi, karibu na nguzo ya geti, akitazama turubai. Hakuwa ameshika ua wala mfuko. Alivaa koti lake zuri la kijani, lile la harusi za marafiki, na mtu wa kuogelea asiyejali nywele siku zote, leo alikuwa amezitengeneza.

Katapila likainua ndoo ya kwanza juu ya turubai: nyasi na udongo wa kijivu, wa kwetu, unaonata na kukataa kudondoka. Ndoo ya pili hivyo hivyo. Ndoo ya tatu ilipogeuzwa, kilichomwagika hakikuwa kijivu. Kilikuwa cha njano, na kilimiminika. Kilitiririka chote mara moja, hakikubaki hata kidogo kwenye meno ya ndoo. Ndani yake mlikuwa na vipande vya makombe ya baharini, vyeupe.

Mchanga. Mchanga wa pwani, ndani ya shamba la mfinyanzi, kina cha nusu mita.

Nimeutazama udongo maisha yangu yote, sikuhitaji ndoo ya nne. Nikamgeukia Izaak. Alikuwa ametulia, mikono kwenye usukani wa baiskeli.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Lini?"

"Siku ile ile ya mazishi. Ninyi mlipokwenda kunywa kahawa." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu alichokipakia. "Ulikuja na mtoto begani, amelala, mate yanamtoka kwenye kola yako, na bado ulikuwa unamweleza mchungaji habari za hewa ya udongoni. Nikasema huyu bwana hajui anachomfanyia mkewe. Nilikuwa na mchanga wa njia ya kanisa, toroli arobaini. Nikauweka wote humo. Nikachimba na kijimfereji mpaka mtaroni, maji yapate pa kwendea. Hapo juu nikafunika na udongo wako, usije ukaona."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungebisha."

"Na juzijuzi? Nilikuwa jikoni kwako, Izaak."

"Ulikuja kuuliza hesabu. Ya mkeo hukuuliza. Nikasema basi, akiona mwenyewe atafurahi." Akanitazama. "Hujafurahi?"

Nilifurahi. Hilo ndilo la kutisha, kwa kitambo kidogo nilifurahi kweli. Jacomina hakuwa ndani ya beseni. Alikuwa ameondoka, kistaarabu, kwa hewa na kwa wakati wake, kwa sababu mtu mmoja ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja wa ripoti yangu alikuwa na toroli na huruma. Kisha nikamtazama binti yangu pale kwenye nguzo.

Hakuwa ameuona mchanga, au aliuona na haukumwambia kitu. Alikuwa anajitazama kwenye kioo cha simu. Akageuka.

"Baba, niko sawa?" akauliza. "Nywele?"

Hatua kumi. Ningeweza kuzitembea. Ningeweza kumshika mkono nikamwambia, mwanangu, hayupo, turudi nyumbani tule kitu cha moto. Miaka yote nimewaambia watu maji yatafika wapi na lini, nimewaambia mawaziri, nimewaambia wakulima waliotaka kunipiga.

"Uko sawa," nikasema. "Umependeza."

Akatabasamu. Katapila likazimwa. Bi Annerieke akachungulia nje ya turubai, akaonekana kusita, akampungia Tanne mkono. Nilidhani angemwonya. Alisema maneno mawili matatu, Tanne akatikisa kichwa kama mtu anayesema nimejiandaa, akainama, akaingia.

Izaak alitaka kuniambia kitu, nikamwomba anyamaze. Kutoka nyuma ya turubai hakukusikika neno lolote. Lile alilokuwa ameliandaa, kama alilisema, alilisema chini chini. Alikaa mle muda mfupi kuliko nilivyotegemea.

Alipotoka, alitembea moja kwa moja mpaka kwangu. Alikuwa mtulivu, na huo utulivu wake ulinikata maini. Viganja vyake vilikuwa na mchanga.

"Ni mifupa tu, Baba," akasema. "Misafi kabisa. Midogo. Sikujua alikuwa mdogo hivyo."

"Pole, mwanangu."

"Kuna kitufe cha gauni, basi." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo kwake hesabu zako zilikuwa sahihi. Si lazima ujilaumu. Kwake ulipatia."

Alikuwa ananifariji. Alikuwa ametoka kaburini kwa mama yake mikono mitupu, na kitu cha kwanza alichokitafuta ni namna ya kunipunguzia mimi mzigo. Ningeweza kuuchukua msamaha ule nikaenda nao nyumbani, hakuna aliyekuwa anauliza.

"Sikupatia," nikasema. "Ni Izaak. Alimfukia kwa mchanga bila kuniambia, akamchimbia na mfereji. Kama si yeye, lingekuwa limejaa maji kama mengine."

Tanne akamtazama Izaak. Mzee alikuwa ameshavua kofia, ameisogeza kifuani, anasubiri kwa haya kama watu wanaosubiri kushukuriwa. Kisha Tanne akageuza macho kwangu, na nikaona analipanga jambo kichwani taratibu, kipande baada ya kipande.

"Kwa hiyo mzee angefuata hesabu zako," akasema, "leo ningemwona."

"Ndiyo."

Halafu akapangusa mchanga kwenye koti lake la kijani, akanipita, akaenda kumpa Izaak mkono, kama nilivyomfundisha tangu mdogo kuwaheshimu wakubwa.

"Asante, mzee," nikamsikia akisema, "kwa kumtunza mama yangu."